Herufi moja ya Kichina katika kikombe chetu



Katika nyumba nyingi za Usambara, tangu Soni mpaka Mlalo, ipo chupa ya chai. Ukiigeuza chupa hiyo (kwanza imimine, usije ukaungua) ukatazama kitakoni, au ukatazama kando ya boksi iliyonunuliwa nayo, mara nyingi utaona alama za ajabu, zimepangwa mistari juu ya mistari kama fito za ukuta usiokandikwa bado. Mtoto akiuliza, "Baba, hapa pameandikwa nini?" baba hujibu, "Kichina," na mazungumzo yamekwisha.

Leo tusikomee hapo. Tuichukue herufi moja tu ya Kichina, tuitazame vizuri. Tumeichagua hii kwa sababu kila mmoja wetu huitamka kila siku, wengine hata kabla ya kunawa uso:

茶

Wachina huisoma "cha", na sauti yao hupanda kidogo, kama mtu anayeuliza. Maana yake ni chai. Basi neno hili ambalo bibi zetu hulitumia jikoni wakidhani ni la kwetu tangu zamani, limetembea safari ndefu sana. Tulifuate lilikotoka, kisha tuone sisi wenyewe tumelifanyia nini.

JINSI WACHINA WANAVYOANDIKA

Sisi tunapoandika, tunaandika sauti. Twaweka c, h, a, i, na anayejua herufi zetu chache aweza kusoma neno lolote, hata asipolielewa. Wachina hawafanyi hivyo. Kwao kila herufi ina sauti yake na maana yake pia. Kwa hiyo herufi zao ni nyingi mno. Mtu atakaye kusoma gazeti bila taabu yampasa kujua zipatazo elfu mbili au tatu. Watoto wa huko hukaa miaka mingi shuleni wakiandika na kurudia.

Lakini taabu hiyo ina faida yake. China ni nchi kubwa, na watu wa jimbo moja wakisema, wa jimbo jingine pengine hawasikii hata neno moja. Wakiandika, huelewana. Herufi ni ile ile, ila kila mmoja huitamka kwa sauti ya kwao. Lishikeni jambo hili, maana litatusaidia mbele kidogo.

MTU KATI YA MAJANI NA MTI

Wapeni watoto kijiti, waandike mchangani. Kwanza wapige mstari mmoja wa kulala, kisha vistari viwili vifupi vya kusimama, viukate ule wa kwanza. Hayo ni majani. Chini yake wapige mistari miwili inayoachana kama paa la nyumba. Huyo ni mtu, ametanua miguu. Chini kabisa wapige mstari wa kulala na mstari wa kusimama unaoukata, na kando ya ule wa kusimama vistari viwili vidogo, kimoja kushoto na kimoja kulia. Huo ni mti. Mistari yote ni 9, na herufi imekamilika.

Wachina hupenda kuwaambia watoto wao: juu majani, chini mti, na katikati mtu. Ndiyo chai. Nasi tunaokaa karibu na mashamba ya Herkulu, Balangai na Ambangulu hatuhitaji kufafanuliwa sana. Tumemwona mtu huyo kwa macho yetu. Husimama asubuhi katika ukungu, michai imemfika kiunoni, kikapu mgongoni, mikono yake ikichuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka jua linapokuwa kali. Katika familia zetu wengi wamelipiwa karo kwa mikono hiyo.

Hata hivyo, yafaa kusema kweli. Mafunzo hayo ya majani, mtu na mti ni njia nzuri ya kukumbuka, lakini siyo asili ya herufi yenyewe. Zamani sana herufi hii haikuwako. Ilikuwako nyingine inayofanana nayo, 荼, iliyosomwa "tu". Maana yake ilikuwa mboga au jani chungu. Chai nayo ni jani chungu, ndiyo sababu watu waliiandika kwa herufi hiyo hiyo. Msomaji alikuwa akibahatisha: je, hapa panasemwa mboga chungu au kinywaji?

Baadaye unywaji wa chai ukaenea China nzima, na kinywaji kikahitaji herufi yake. Hayo yalitokea katika karne ya 8, wakati wa wafalme wa ukoo wa Tang. Ukizitazama herufi hizo mbili kwa makini utaona kwamba ile ya zamani ina mistari 10 na hii ya sasa ina 9. Mstari mmoja wa kulala uliondolewa, basi, na jani chungu likawa chai.

Katika karne hiyo hiyo alikuwako mtu mmoja jina lake Lu Yu. Inasimuliwa kwamba alikuwa mtoto aliyetupwa, akaokotwa na kulelewa na mtawa wa dini ya Buddha. Mtu huyo aliandika kitabu kizima juu ya chai: mmea wake, vyombo vyake, maji yanayofaa, na namna ya kuipika. Katika kitabu hicho alitaja majina matano yaliyotumika kuiita chai, na la kwanza ni "cha". Tangu hapo herufi ya mistari 9 ikashika njia, na ndiyo itumikayo mpaka leo. Wajapani pia waliichukua. Wao huona ndani yake hesabu: sehemu ya juu huisoma kama 20 na sehemu ya chini kama 88, jumla 108. Kwa hiyo mzee akitimiza miaka 108, husema amefika "chaju", yaani umri wa chai. Mungu awajalie wazee wetu umri huo.

NENO MOJA, BARABARA MBILI

Nilisema kwamba herufi ni moja lakini matamshi ni mengi. Katika pwani ya jimbo la Fujian, watu huisoma herufi hii "te". Waholanzi walinunua chai kwa wafanyabiashara wa pwani hiyo katika karne ya 17, wakaichukua kwa meli pamoja na jina lake. Kwa hiyo Waingereza husema "tea", Wafaransa "thé", na Wajerumani "Tee".

Lakini sehemu kubwa ya China husema "cha". Wareno, waliokaa Macao, walisikia hivyo, na mpaka leo wao husema "chá", ingawa ni watu wa Ulaya. Waajemi waliipata chai kwa njia ya nchi kavu. Katika kinywa chao neno lilimalizikia kwa sauti ya i. Wahindi wakasema "chai", Warusi vivyo hivyo. Waarabu, kwa kuwa hawana sauti ya "ch" katika lugha yao, wakasema "shay". Nasi Waswahili tukalipokea kutoka kwa jirani zetu wa Bahari ya Hindi, lilipokuja kwa majahazi pamoja na bizari na vitambaa.

Hapa pana jambo la kustaajabisha kwa sisi watu wa milimani. Mchai wenyewe haukuja Usambara kwa njia iliyoleta jina lake. Mmea uliletwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Waliujaribu Amani, katika Usambara ya Mashariki, mahali ambapo leo ni wilaya ya Muheza. Huko walifungua kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Kilimo cha chai kwa biashara kilianza baadaye, mwaka 1926, wakati wa Waingereza. Basi Mjerumani alikuja na mche mkononi akiuita "Tee", Mwingereza akamfuata akiuita "tea", lakini neno la pwani lilikuwa limekwisha kutangulia, na watu wakauita mchai. Wenye mashamba walikuwa wageni, ila jina halikuwa lao.

PADRE ALIYEANDIKA JUU YA CHAI

Mmoja wa watu wa kwanza kuwaeleza watu wa Ulaya habari za chai alikuwa padre. Ni Mjesuiti Matteo Ricci, mzaliwa wa Italia, aliyefika Macao mwaka 1582 na kuingia Peking mwaka 1601. Alifariki huko mwaka 1610. Yeye hakwenda na mkalimani tu. Alikaa chini kama mtoto wa shule, akajifunza herufi kwa maelfu, mpaka akaandika vitabu kwa Kichina na wasomi wa huko wakavisoma kwa heshima. Katika kumbukumbu zake alieleza kinywaji cha Wachina, akakiita "cia", yaani "cha" kwa tahajia ya Kiitalia. Waitalia wenzake hawakulifuata neno lake, maana leo husema "tè".

Padre Ricci na wenzake walikuwa na swali kubwa kuliko la chai: Mungu aandikwe kwa herufi zipi? Walitumia mbili, 天主, "Tianzhu", maana yake Bwana wa Mbingu. Mpaka leo Kanisa Katoliki nchini China huitwa dini ya Bwana wa Mbingu. Mwaka 2022 Papa Fransisko alizitambua fadhila za kishujaa za Padre Ricci, na sasa anaitwa Mheshimiwa, hatua mojawapo katika njia ya kuelekea kutangazwa mtakatifu. Tunajifunza kwake kwamba kuchagua neno si jambo dogo. Neno zuri humfungulia mtu mlango, na neno baya huuficha ukweli.

CHAI KATIKA KISWAHILI CHETU

Sasa turudi nyumbani. Neno hili tulipolipata tulilifanya letu. Twasema chai ya maziwa, chai ya tangawizi, chai ya rangi. Hiyo ya rangi, Waingereza huiita nyeusi na Wachina huiita nyekundu, nayo ni ile ile. Chai ya kijani nayo hutoka katika mmea huo huo. Tofauti ni kazi ya kiwandani. Ya kijani hupashwa moto mapema ili jani lisibadilike rangi. Yetu hunyaushwa, husagwa, na kuachwa ipigwe na hewa mpaka igeuke, ndipo ikaushwe.

Lakini mchaichai, ule wenye harufu ya limau unaopandwa kando ya nyumba, si ndugu wa mchai hata kidogo. Ni nyasi. Tumeupa jina hilo kwa kuwa hupikwa kama chai, na siku sukari ipo na majani ya dukani hayapo, hutuokoa.

Tena chai kwetu si kinywaji tu. "Nimekunywa chai" ni kusema nimepata chakula cha asubuhi, hata kama ni uji na viazi. "Karibu chai" ni kumwambia mgeni kwamba nyumba hii ina nafasi kwa ajili yake. Penye msiba, birika la chai hukaa motoni usiku kucha, na jirani asiye na fedha ya rambirambi huleta sukari, naye amehesabiwa. Nathubutu kusema ni maneno machache yaliyobeba wema mwingi kama hili.

Kwa ajili hiyo inasikitisha kuona tunavyolichafua. Vijana siku hizi, mtu akisimulia uongo, husema, "Hiyo chai." Huo ni utani, nasi tunauacha upite. Lakini kuna matumizi mengine yasiyo utani. Mtu anahitaji haki yake, karatasi yake, dawa yake au mizani ya kweli, na mwenye kalamu humtazama na kusema, "Basi, na chai yetu je?"

Hatuko peke yetu. Wahindi na Wapakistani husema "chai-pani", yaani chai na maji, wakiwa na maana ya fedha ya kumlainisha mwenye cheo. Warusi huiita bakshishi ya mhudumu fedha "ya chai", na hiyo ni zawadi ya wazi isiyo na ubaya. Hata China kwenyewe fedha ya pembeni inayodaiwa juu ya bei huitwa "ada ya maji ya chai", na ndani ya jina hilo imo herufi yetu ile ile ya mistari 9. Kila mahali mwizi huazima neno la ukarimu, kwa sababu analijua ni tamu. Nani atamnyima mwenzake kikombe cha chai?

Madhara yake nimeyaona katika kazi yangu ya ukarani wa parokia. Siku moja bibi mmoja alishuka kutoka kijiji cha mbali kuchukua cheti cha ubatizo cha mjukuu wake aliyekuwa anataka kufunga ndoa. Nilipomkabidhi cheti, aliingiza noti ya shilingi 2,000 chini ya daftari langu.

"Bibi, hii ni ya nini?"

"Ya chai, mwanangu."

"Lakini cheti umekwisha kukipata."

"Najua. Ila huko nilikotoka juzi niliambiwa karatasi haitoki bila chai. Nikauza kuku, nikaona heri nije nayo kabisa."

Hakuwa akitafuta upendeleo. Alikuwa amefundishwa kwamba ndiyo desturi, kama kuvua kofia kanisani. Nilimrudishia noti yake, nikamwomba aketi, tukanywa chai ya tangawizi iliyokuwa katika chupa. Alicheka akasema, "Kumbe na hii ipo." Nimekuwa nikiyafikiri maneno hayo tangu siku ile. Tusipoangalia, wajukuu zetu watasikia neno "chai" na kufikiri kwanza ile ya chini ya daftari.

TUITE KILA KITU KWA JINA LAKE

Kitabu cha Kutoka chawakataza waamuzi kupokea rushwa, kwa kuwa huwapofusha hata wenye macho. Nabii Isaya aliwalaani wauitao uovu wema. Ndiyo hasa kazi ya neno "chai" linapotumika vibaya. Hulifunika kosa kwa kitambaa kisafi cha mezani. Mtu ambaye asingethubutu kusema, "Nipe rushwa," husema "Nipe chai" bila kuona haya, na mtoaji naye hujiona mkarimu.

Basi, wapenzi wasomaji, tufanye mambo haya manne.

Kwanza, tuseme wazi. Mtu akituomba "chai" kwa jambo ambalo ni haki yetu, tumwulize kwa adabu: "Malipo haya yana stakabadhi?" Ada halali ina stakabadhi. Rushwa haina.

Pili, tusianze sisi. Mara nyingi si ofisa anayeomba. Ni sisi tunaopeleka, ili tupite mbele ya wenzetu waliokuja alfajiri. Anayerukwa katika foleni ni jirani yetu.

Tatu, sheria ipo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 yamtia hatiani anayepokea na anayetoa. Anayeombwa aweza kuwapigia TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo.

Nne, tumkumbuke yule mtu wa katikati, kati ya majani na mti. Jani likichumwa halingoji. Lazima lifike kiwandani siku ile ile, la sivyo huharibika. Mnunuzi asipokuja, au mizani ikidanganya, au kiwanda kikinyamaza, kazi ya mchumaji imepotea. Wakulima wa Mponde, upande wa Bumbuli, waliujua uchungu huo kiwanda chao kilipofungwa mwaka 2013 baada ya mgogoro wa muda mrefu. Mchai usiochumwa hurefuka ukawa mti, na mashamba mengine yakageuka kichaka. Mzee aliyekuwa akitegemea majani yale kwa karo na kwa daftari za wajukuu alibaki akiyatazama. Mtu wa namna hiyo akidaiwa "chai" ofisini, anadaiwa kitu ambacho yeye mwenyewe amekilima, amekipalilia na kukichuma, naye hakupata bei yake.

Wachina waliondoa mstari mmoja tu katika herufi yao, na neno la uchungu likawa la kinywaji cha kuburudisha. Nasi tuna mstari mmoja wa kuondoa katika neno letu. Wazazi, jioni hii mwandikieni mtoto herufi ile mchangani, mwonyesheni majani, mtu na mti. Akishaijua, mwambieni pia kwamba katika nyumba yetu chai ni ya kunywa na ya kumkaribishia mgeni, na hakuna nyingine.